Wakristo tukienda hospitali tuache kamera nyumbani, twende na uji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi wa tatu, maana naona nisipolisema nitakuwa nimemkosea Mungu na nimemkosea na kijana mmoja ambaye jina lake la pili hata silijui. Barua ni ndefu kidogo, kama nafasi ni finyu kata huku mwanzoni ila ile sehemu ya zamu za kumhudumia mgonjwa asiye na ndugu naomba uiache kama ilivyo.

Mimi ni Mkatoliki wa huku Ukonga, nina miaka sita sasa ni katibu wa jumuiya yetu, yaani kaya jirani za parokia tunaosali pamoja. Mwezi wa tatu nilikuwa namuuguza baba. Mzee tulimleta kutoka Karema, kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, tumbo lilikuwa linamsumbua muda mrefu, akafanyiwa operesheni hapa Dar akalazwa siku 19. Hospitali siitaji kwa sababu sina ugomvi nayo, manesi wa pale niliwaona kwa macho yangu wakihangaika usiku kucha wawili tu na wodi nzima imejaa, Mungu awabariki.

Asiyewahi kuuguza hajui, kwahiyo ngoja nieleze. Kwetu sisi mgonjwa halazwi peke yake, analazwa na ndugu zake. Nesi anachoma sindano, anaangalia dripu, anasafisha kidonda, anaandika kwenye faili, anakimbilia kitanda kingine. Sasa nani anamnawisha mgonjwa uso asubuhi, nani anamgeuza ubavu asipate vidonda vya kulala, nani anafua shuka aliyojichafulia usiku, nani anashuka na karatasi kwenda kutafuta dawa duka la nje pale wanaposema hii haipo, nani anasukuma kiti mpaka eksirei na kupanga foleni ya majibu, nani anakuja saa 12 asubuhi na chupa ya chai halafu saa 6 mchana na hotipoti halafu tena jioni? Ni ndugu. Ndugu ndio nusu ya matibabu, na kila mtu anajua hivyo kuanzia daktari mpaka mlinzi wa getini, ndiyo maana swali la kwanza ukifikisha mgonjwa ni "nani ndugu yake hapa".

Kitanda cha dirishani, karibu na cha baba, alilala kijana wa miaka ishirini na kitu. Kibarua wa ujenzi, kwao Kasulu. Gari lilimgonga usiku likakimbia, wapita njia wakamleta, simu imeshachukuliwa palepale alipoangukia, namba za kwao hana hata moja kichwani maana siku hizi nani anashika namba kichwani. Mguu umefungwa hogo mpaka juu ya paja. Siku ya kwanza sikumtilia maanani kwa kweli, akili yote ilikuwa kwa baba. Siku ya pili ndio nikaona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Kengele ya kuona wagonjwa ikigonga, watu wanaingia na vikapu, wodi inanukia wali na mchuzi, watu wanacheka, wanasali, wanapigiana simu, na yule kijana anavuta shuka anajifunika gubigubi mpaka kichwani. Analala hivyo hivyo hajisogezi. Kengele ya kutoka ikigonga anafunua uso.

Jumapili wakaja wageni, kikundi cha kanisa moja, wamependeza na tisheti zao za kufanana, kiongozi akatoa neno fupi, wakaimba pambio, wakapita kitanda kwa kitanda wakigawa sukari kilo moja na mche wa sabuni. Kila kitanda wanasimama wanapiga picha, mgonjwa anashikishwa mfuko, mwingine anashikwa mkono. Sijui kama walikaa hata dakika 40. Yule kijana akabaki na sukari kilo moja juu ya kabati na hana kikombe, hana maji ya moto, hana kijiko, na sabuni hawezi kuitumia kwa sababu hawezi kufika bombani.

Ndugu Mhariri, sikuwachukia wale watu, naomba nieleweke. Nilijiona mimi. Sisi jumuiya yetu Kwaresima iliyotangulia tulifanya hivyohivyo, na ripoti niliiandika kwa mkono wangu mimi katibu, "tumetembelea wagonjwa 32, tumetoa sukari na sabuni", picha nikarusha kwenye grupu la wasap, watu wakaweka mikono ya sala na mioyo, tukaambiana hongereni sana wanajumuiya. Wagonjwa 32, na simkumbuki hata mmoja. Mpaka leo sijui yupi alipona na yupi alizikwa. Yesu katika ile Mathayo 25 anasema nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, na mimi miaka yote nilisoma "mkaja" nikadhani ukishafika mara moja umemaliza. Lakini mama yako akiumwa unaenda mara moja?

Sasa sikiliza. Kuna mama alikuwa anakuja kila asubuhi, saa 12 na robo hivi, mtu mzima, kanga moja kiunoni moja begani, na chupa ya bluu. Anaenda moja kwa moja kwa yule kijana, anamwinua, anammiminia uji kwenye kikombe chake mwenyewe, anasubiri amalize, anafuta kabati, anakusanya shati na shuka chafu anaweka kwenye mfuko, anatoka. Haongei sana. Kesho yake anarudisha shuka imefuliwa. Mimi nikajua ni shangazi mtu, nikafurahi kwamba amepatikana. Siku ya nne nikamfuata koridoni.

"Shikamoo mama. Afadhali umepatikana, kijana alikuwa anateseka. Ni mwanao?"

"Marahaba baba. Hapana, mimi simjui. Nauza uji pale nje getini. Nesi alikuja kunywa uji akaniambia mama kuna mtoto juu kule hana mtu. Nikasema uji ninao."

Basi. Hakusema zaidi ya hapo, akashuka ngazi kuwahi wateja wake. Baadaye nilikuja kujua ni Mmoraviani, kwao Rungwe, anasali huku huku Dar. Hakuna aliyemtuma, hakuna kamati iliyokaa, hakuna harambee. Uji ninao. Nimesikia mahubiri mengi sana juu ya upendo kwenye maisha yangu na mengine mazuri kabisa lakini hilo neno la koridoni limenishinda nguvu.

Nikarudi kwa baba nikamsimulia. Mzee alikuwa bado ana mpira puani, anaongea kwa shida, akacheka kidogo akasema huyo mama ni kama Atiman wetu. Hapo akaanza kunisimulia mambo ambayo sehemu nilikuwa nayajua na sehemu nilikuwa nayapuuza toka utoto, naomba niyaeleze maana vijana wa Dar wengi hawamjui kabisa mtu huyu.

Adrian Atiman alizaliwa huko mbali karibu na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akatekwa akiwa mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akafika Algeria ndipo Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, wakamnunua na kumwacha huru. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wawe madaktari na makatekista, yaani walimu wa dini, akawapeleka kisiwa cha Malta. Atiman akasoma udaktari huko. Mwaka 1889 akafika Karema, na hapo Karema akakaa mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, miaka 67. Alioa hapohapo binti wa mtemi, mtoto wake mmoja akawa padri, na yeye mwenyewe miaka yote hiyo asubuhi anatibu na wakati huohuo ni katekista anafundisha. Leo Sumbawanga kuna hospitali ina jina lake.

Baba alikuwa mtoto wa miaka kumi Atiman alipofariki. Anasema wakubwa wa pale walikuwa wanasema hivi: yule mtu aliibiwa kwao, alifika hapa hana baba hana mama hana mjomba, akakubali sisi tuwe ndugu zake. Baba akanyoosha kidole kule dirishani akasema, "Na yule je, nani kakubali?"

Mimi sikuwa na jibu. Nilikaa pale na hotipoti mkononi, chakula cha mtu mmoja, nikakigawa mara mbili. Kuanzia siku hiyo mke wangu akawa anapika cha watu wawili na hatukuona pengo lolote kwenye unga, na mimi jioni nikawa namgeuza baba halafu namgeuza na yule kijana, nikajifunza na kumsukuma kwenye kiti. Nasema haya nikiwa na aibu kwamba ilinichukua karibu wiki nzima, na mimi ni katibu wa jumuiya, na kitanda kilikuwa hatua mbili kutoka kwa baba yangu.

Kuna watu watasema hizi ni kazi za serikali. Ni kweli serikali ina wajibu wake, tena tuidai iajiri manesi wa kutosha. Lakini hata wakiajiriwa manesi mia, nesi hawezi kuwa shangazi. Na makanisa yetu yameshafanya makubwa mno kwenye afya ya nchi hii, hospitali ya KCMC pale Moshi tangu 1971 iko chini ya shirika la Msamaria Mwema, Bugando ya Mwanza ni ya maaskofu wetu, Haydom ya Walutheri kule Mbulu, Peramiho ya Wabenediktini, na mwaka 1992 makanisa na serikali yakawekeana mkataba rasmi wa kushirikiana kwenye afya na elimu. Tunajivunia majengo hayo na tuna haki. Ila nadhani hapo ndipo sisi walei, waumini wa kawaida, tulipolala, tukaona huduma ni ya masista na madaktari na wafadhili, sisi yetu ni kuchangia na kupiga makofi.

Halafu kuna ndugu zangu waliookoka wananiambia matendo hayaokoi, tunaokolewa kwa neema. Sawa kabisa, nakubali, Waefeso 2 mstari wa 8 na 9 ndivyo inavyosema. Ila usifunge Biblia, soma mstari wa 10, tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Na Yakobo anauliza swali rahisi tu, mtu hana nguo hana chakula wewe unamwambia nenda kwa amani ukaote moto ushibe, imemfaa nini? Sukari bila kikombe, ndugu zangu, imemfaa nini.

Kitu kingine nimekigundua nikiwa nakaa pale kwenye benchi usiku nasoma Matendo ya Mitume kwenye simu. Ile sura ya 6, ugomvi wa kwanza kabisa ndani ya Kanisa uliosababisha wachaguliwe wale saba akina Stefano haukuwa wa mafundisho. Ulikuwa wa chakula, wajane wa watu fulani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Ya kila siku! Mitume hawakusema tutawapelekea zawadi Krismasi, walikaa wakachagua watu kwa majina na wakawawekea mikono kwa ajili ya kazi ya kugawa chakula. Walisimamisha Kanisa zima kwa ajili ya sahani ya mjane.

Wala tusiseme haiwezekani maana tulishaifanya hapa hapa Dar. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya tisini kabla ya ARV, zile dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, mgonjwa anatengewa kikombe chake, anahamishiwa chumba cha uani, ndugu wa damu wanasimama mlangoni hawaingii. Shangazi yangu alikufa kwa ugonjwa huo. Waliokuwa wanaingia chumbani kwake ni kina mama wa jumuiya, wawili wawili, wanamwogesha, wanambadilisha nguo, wanamkalia. Mwaka 1992 ilianza PASADA, huduma ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam kwa wenye Ukimwi, ilianzishwa na kikundi kidogo cha watu waliokuwa na virusi wao wenyewe, wagonjwa wakawahudumia wagonjwa. Kwahiyo hii kitu tuna uzoefu nayo, iko kwenye damu yetu, tumeiacha tu tukahamia kwenye tisheti na keki. Maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 walipoamua jumuiya ndogo ndogo ziwe ndio msingi wa parokia, hawakukusudia tuwe tunakutana kusoma majina ya wadaiwa wa michango. Samahani lakini nadhani wengi mnaosoma mnajua nazungumzia nini.

Sasa nakuja kwenye zamu. Sisi kwetu tumeshaanza na wala siyo kitu cha kitaalamu. Tulimwendea afisa ustawi wa jamii wa hospitali moja, maana wao ndio wanajua mgonjwa gani hana mtu, yule amechanganyikiwa hajui kwao, yule bibi aliyetelekezwa, yule mfungwa aliyefungwa pingu kitandani, yule mtoto aliyeachwa. Tukamwambia tupe mgonjwa mmoja tu. Mmoja, siyo wodi. Kaya saba, kila kaya siku yake ya wiki, unaenda na uji au chakula, unamnawisha, unachukua nguo unafua, unamuuliza nesi leo kuna nini cha kufuatilia, unakaa naye kidogo. Akiruhusiwa au akifariki tunapewa mwingine. Akifariki tunamzika, kuzika wafu nako kumo kwenye matendo saba ya huruma tuliyokariri mafundisho ya kipaimara.

Tumejiwekea mambo machache na tumeyashika. Picha hakuna kabisa, simu inakaa mfukoni. Dini yake hatuulizi, wa kwanza kupewa alikuwa Mwislamu, babu wa Kilwa, tukampikia bila kumpa kitu asichokula na Ramadhani tukampelekea futari kwa sababu daktari alimkatalia kufunga lakini yeye alitaka ile saa ya futari asiikose. Akitaka tusali naye tunasali, asipotaka tunanyamaza, uji wenyewe unasali. Hela mkononi hatutoi, ikihitajika dawa tunaenda wenyewe dukani na karatasi. Na jambo la mwisho, tunatafuta kwao. Hili ndilo nililojifunza kwa yule kijana wa Kasulu.

Maana yeye ilikuwa hivi. Mimi na yule mama wa uji tulikaa naye tukamhoji polepole, kijiji gani, shule gani ulisoma, kanisa gani la karibu. Akataja kigango. Nikampigia katekista mmoja ninayemfahamu Kigoma, naye akampigia mwingine, yule akampigia mwingine, siku ya tatu usiku simu yangu ikaita namba ngeni, sauti ya mwanamke anaongea Kiha na Kiswahili kwa pamoja analia, ni mama yake. Walikuwa wamemtafuta majuma matatu wakidhani amekufa. Nikampa kijana simu. Sikuelewa walichoongea maana Kiha sijui, nilimwona tu anaitikia, anaitikia, anaitikia. Kaka yake alifika na basi baada ya siku mbili. Siku hiyo kengele ya kuona wagonjwa ilipogonga kijana hakuvuta shuka.

Nimalizie na maombi mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza kwa waganga wafawidhi wa hospitali zetu na ustawi wa jamii, mtusaidie watu wa zamu tupate kakadi au kabarua ka kuingilia getini, maana walinzi wanatuuliza wewe ni nani wa mgonjwa, na ukisema simjui unarudishwa, na hatutaki kudanganya. La pili kwa mapadri, wachungaji, WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), kwaya, vijana, fellowship za vyuoni, na nyie mnaosali nyumba kwa nyumba, mjaribu mgonjwa mmoja kwa mwezi mmoja tu. Msianze na bajeti. Anzeni kwa kumuuliza nesi nani hana mtu.

Baba alipona, karudi Karema, anapiga simu kila Jumapili na kabla hajaniuliza habari za wajukuu ananiuliza wa kitandani sasa hivi ni nani. Kwa sasa ni bibi mmoja wa Mtwara, mvunjiko wa nyonga, hasikii vizuri, anapenda uji wa ulezi wenye ndimu. Zamu yangu ni Alhamisi.

Wako,
Mwanajumuiya,
Ukonga, Dar es Salaam